Deni la Punda

Nina duka Matondoni, la mlango mmoja,
sabuni kulia, unga kushoto, daftari katikati.
Nyanya zangu huvuka kutoka Mokowe,
zikifika zimechoka kuliko abiria,
nami huziuza hivyo hivyo, nusu nzima nusu rojo,
kwa kuwa hapana nyingine.

Kwa hiyo mwalimu Mwanamkasi aliponijia
kuomba magunia matupu na misumari,
"Twalima shuleni," akasema,
nilicheka mpaka mizani ikatikisika.
Utalima nini juu ya mtanga, mwalimu?
Magunia nilimpa. Misumari niliiandika.

Basi ukaanza mchezo. Kila alfajiri
watoto na ndoo nyuma ya punda,
wamenyamaza kama wangojao mwandamo,
na punda akiinua mkia, kelele:
"Changu! Nimewahi!"
Swabra wa Shekuwe, miaka tisa,
alijua punda wa mji mzima kwa saa zao:
wa Lali baada ya maji,
wa Kupi akishatuliwa mawe.

Samadi, makumbi, majani ya mwarobaini,
majivu ya Bi Zuhura wa mikate ya mofa.
Watu wakawa wauliza kabla ya kumwaga:
"Hiki mwakitaka?"
Nami nikatoa nyanya zangu zilizooza.
Ndiyo mara ya kwanza nyanya zangu
kupokewa kwa shukrani.

Maji ya mvua waliyakinga kwenye paa la darasa la nne,
mche mmoja, kopo moja,
na aliyezidisha aliitwa mwizi.
Ukatoka mchicha. Zikatoka kunde, bamia,
na bilingani moja tu,
wakalizunguka kulitazama kama bibi harusi.

Usiku wa kuamkia mavuno
punda wa Lali alivunja ua wa makuti
akala mchicha wote, mstari kwa mstari,
kama asomaye barua.
Asubuhi watoto walilia. Wengine walitaka kesi.
Lali akaitwa mbele ya kamati,
akavua kofia, akaitazama, akasema:
"Mumekula chake miezi mitatu,
kila siku, kwa ndoo.
Yeye kala chenu usiku mmoja.
Hesabuni wenyewe."

Hata mimi,
nijuaye deni kuliko nijuavyo jirani zangu,
nilitafuta jibu nikalikosa.

Ikaandikwa kwenye daftari la shamba:
punda wa Lali, fungu moja kila Ijumaa;
Lali, madumu sita ya maji, bila ujira.
Wakapanda upya.

Mchicha wa pili ulipikwa kwa tui, masufuria mawili,
ukaliwa na mofa za Bi Zuhura
zilizonunuliwa kwa pesa za bamia.
Zamani shule iliagiza mikate ya karatasi ya nailoni,
iliyosafiri siku mbili
kuja kuota ukungu kwetu,
na Bi Zuhura akizima tanuu yake saa tatu, akikaa.
Sasa amemwajiri mpwawe.
Wanagombana juu ya chumvi, mtaa wote wasikia.

Mimi je? Sitadanganya, iliniuma.
Nyanya za Mokowe zilibaki kapuni zikinitazama.
Alhamisi nikaenda shuleni, kukagua tu.
Dawati nje ya lango, Swabra nyuma yake,
na nyanya ndogo, ngumu, zenye ufa kichwani,
joto la jua bado limo ndani.
Nikaishika moja. Sikuirudisha.
Nikataka tatu, na fungu la kunde,
kisha nikapapasa mfuko: mtupu.
Nani hubeba pesa akienda kukagua?

"Si neno," akasema, akafungua daftari,
akalamba kidole kama nifanyavyo mimi.
"Jina?"
Mtoto ananijua. Peremende zangu ndizo zilizomng'oa meno.
"Jina?"
Nikalitaja.
Akaliandika, polepole, kwa hati nzuri,
chini ya la punda.